Maalim, theluji ina uzito gani?

Barua ya mama mmoja wa Wete ndiyo iliyonifanya nitoe kabatini madaftari yangu ya zamani, na nilipozipanga barua nyingine nikaona kuna kadhaa zinazofuatana nayo vizuri. Kwa hivyo swali la kupatwa kwa mwezi na lile la kupe wa ng'ombe yatangoja toleo lijalo. Wenyewe mtaniwia radhi.

*Assalaam alaykum Maalim. Mwanangu wa kike anasoma Norwe mambo ya maji na umeme. Ananambia kwenye simu kwamba hupanda milimani wakiwa na bomba na mizani, wakapima uzito wa theluji, ili wajue mito itajaa kiasi gani ikifika miezi ya joto. Mimi nimekulia kwenye kupima mpunga kwa pishi, theluji naiona kwenye televisheni tu. Kwani hawana rula wakapima kimo chake wakamaliza? Na kama ni mvua iliyoganda, kwa nini wasiipime inaponyesha, kama mvua yetu?* (Mama wa mwanafunzi, Wete)

Wa alaykum salaam, mama yangu. Mwanao anakwambia kweli, na kazi anayoisomea ina haja kubwa huko aliko. Karibu tisa ya kumi ya umeme wa Norwe hutokana na nguvu ya maji, na maji hayo hayaji siku yanapohitajiwa. Miezi ya baridi hukaa mlimani yameganda. Majira ya kuchipua yakiingia, ndipo yanaposhuka, na hushuka kwa pamoja. Mwenye bwawa asiyejua kiasi gani kinamjia, ama atalifungulia mapema akaja kukosa maji ya kuendeshea mashine, ama ataliacha limejaa na mafuriko yakawakuta watu wa bondeni.

Rula wanayo. Kasoro yake ni hiyo hiyo ya pishi. Pishi ya unga uliomiminwa polepole na pishi ya unga ulioshindiliwa kwa mkono, kwa macho ni moja, ukizitia kwenye mizani ni mbili. Theluji iliyoanguka usiku wa jana ni hewa tupu: maji yaliyomo ni kama sehemu moja ya kumi ya kimo chake, pengine pungufu ya hapo. Ikikaa miezi, ikajilalia yenyewe, ikayeyuka kidogo mchana na kuganda tena usiku, maji hufika sehemu tatu au nne za kumi, na mwisho wa majira hata tano. Basi nusu mita ya theluji mpya ni milimita 50 za maji, na nusu mita ya theluji kongwe ni milimita 200. Rula imesema namba ile ile mara zote mbili. Mto hautasema hivyo.

Mimi nilisomea mambo ya maji Tashkent, Uzbekistan, enzi za Sovieti, wakati vijana wa visiwani walipokuwa wakipelekwa huko kwa masomo. Tashkent imekaa kwenye mto Chirchik unaoshuka kutoka milima ya Tian Shan, na juu ya mji kuna bwawa la Charvak. Kiangazi cha kule hakina mvua ya maana, na mashamba ya pamba yote yalitegemea maji ya mto. Kwa hivyo kila mwaka, kabla ya Aprili, mabwana maji walitakiwa kutoa namba: kuanzia Aprili hadi Septemba mto utaleta kiasi gani? Sisi wanafunzi tulipelekwa Chimgan, mlimani, tujifunze namba hiyo inatoka wapi.

Chombo tulichopewa kinaitwa VS-43. Ni bomba la chuma lenye meno mdomoni, urefu sentimita 60, na eneo la mdomo sentimita 50 za mraba, pamoja na mizani ya mkono ya kuning'iniza. Unalisimamisha wima, unalizungusha huku unasukuma mpaka ligote kwenye ardhi. Unasoma kimo ubavuni. Unachimba pembeni, unapitisha kikoleo kidogo chini ya mdomo theluji isimwagike, unalipindua, unalitundika. Aliyebuni vipimo vyake aliwaonea huruma watu waliokufa ganzi vidole, kwa sababu katika bomba la upana huo gramu 5 ni sawasawa na milimita 1 ya maji, na mizani imechorwa mistari ya gramu tano tano. Huna haja ya kugawa wala kuzidisha. Unahesabu mistari tu, na kila mstari ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba ya mlima.

Mwalimu wetu, mama wa makamo asiyecheka ovyo, hakukubali kipimo chochote mpaka aone udongo au majani makavu kwenye meno ya bomba. Udongo ndio ushahidi kwamba umefika chini, hukukwama kwenye tabaka la barafu katikati. Baada ya kuuona anaukwangua, maana udongo nao una uzito. Asiyemletea udongo alirudishwa akapige tena, hata kama jua linazama.

Swali lako la mwisho, la kuipima inaponyesha, ni zuri kuliko linavyoonekana. Kipima mvua chetu ni mdomo wa chuma na chupa chini yake. Tone la mvua ni zito, linaingia. Chembe ya theluji ni nyepesi; upepo ukigonga chombo unapinda juu yake na kuichukua chembe ukaenda nayo. Warusi walizungushia chombo chao vibati mfano wa majani ya ua kuvunja upepo, na bado kikawa kinapata pungufu ya kilichoanguka. Halafu theluji ikishatua haitulii: upepo huihamisha kutoka mgongo wa mlima ukaijaza korongoni. Kwa hiyo husubiri ikae, ndipo huiendea pale ilipo.

Mwambie bibie avae soksi mbili, na asikubali kipimo kisicho na udongo.

*Maalim shikamoo. Mimi ni fundi simu hapa Darajani. Setilaiti siku hizi zinaona mpaka paa la nyumba ya mtu. Iweje bado binadamu apande mlima na bomba? Au wanatafuta posho tu?* (Fundi, Darajani)

Marahaba, fundi. Posho haichukiwi na mtu, lakini sivyo.

Setilaiti inaona theluji ipo wapi. Hilo inalifanya vizuri mno. Kwenye setilaiti ya Terra, iliyorushwa Desemba 1999, kuna chombo kiitwacho MODIS kinachopita juu ya dunia nzima karibu kila siku na kugawa ardhi katika viraka vya mita 500. Ugumu wake ni mawingu, kwani wingu ni jeupe na theluji nyeupe. Hutenganishwa kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho: wingu huurudisha, theluji huumeza. Kwa hiyo katika picha ya mwanga huo wingu hung'aa na theluji huwa nyeusi. Lakini ikiwa wingu limekaa juu ya theluji yenyewe, utaona wingu. Na hata siku ya anga safi, kiraka cheupe hakikwambii kama chini yake mna sentimita tano au mita tatu.

Zipo setilaiti nyingine zinazosikiliza mawimbi ya maikrowevu yanayotoka ardhini na kudhoofishwa na chembe za theluji. Hizo hupenya mawingu, usiku na mchana. Ila viraka vyake ni vya kilomita nyingi, theluji ikilowa tu zinapotea njia, na ikiwa nene sana hazitofautishi nene na nene zaidi. Yaani zinashindwa mlimani, na mlimani ndiko kwenye maji.

Ndege zinafanya vizuri zaidi. Milima ya Sierra Nevada, California, tangu 2013 inapigwa kwa leza: ndege hupita wakati wa joto ikapima sura ya ardhi tupu, ikarudi wakati wa baridi ikapima sura ya theluji, tofauti ikawa ndiyo kimo, kila mita chache. Walianza na bonde la mto Tuolumne, ambalo maji yake huingia bwawa la Hetch Hetchy na kunywewa San Francisco. Unaona lakini kinachopatikana ni nini? Kimo. Ni rula ya bei ghali. Uzito bado unatafutwa kwa hesabu na kwa mtu mwenye bomba. Njia ninayoipenda mimi ni ya mionzi ya gama. Udongo wenyewe, kwa asili yake, hutoa mionzi hafifu kutoka kwenye potasiamu, urani na thoriamu. Maji huizuia, yawe yameganda au hayakuganda. Ndege huruka chini chini kabla ya theluji na baada yake, na mionzi iliyopungua ndiyo inayosema maji yaliyopo juu ya ardhi ni kiasi gani. Hapo umepata uzito bila ya kugusa kitu.

Kuna na chombo kinachokaa pale pale. Fikiria mfuko mpana uliolazwa chini, kama mita tatu kwa tatu, umejazwa maji yaliyotiwa dawa yasigande. Theluji ikilalia mfuko, mkandamizo unaongezeka, kipimo kinasoma, redio inatuma. Magharibi ya Marekani wanao mtandao wa vituo hivyo, uitwao SNOTEL, zaidi ya 800. Na hapa, fundi, naomba utulie. Vituo viko nyuma ya milima, minara hapakuwa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kukodi setilaiti kulikuwa gharama. Walichofanya ni kurusha mawimbi ya redio juu yakagonge mkia wa kimondo. Kila siku vijiwe vidogo visivyo idadi huingia angani na kuungua, na kila kimoja huacha mstari wa hewa yenye chaji ya umeme unaodumu kitambo kidogo sana, pengine chini ya sekunde. Ndani ya kitambo hicho kituo kinatupa taarifa yake fupi, inagonga mstari na kuangukia mamia ya kilomita mbali. Kimondo kikikosekana, kinasubiri kingine. Siku hizi wanatumia simu na setilaiti kama sisi sote, lakini mtandao ule ulifanya kazi kwa vimondo miaka mingi, na mpaka leo nikiona kimondo usiku baada ya istighfari hilo ndilo jambo la pili linalonijia.

Mfuko nao una tabia zake. Tabaka gumu la barafu likijitengeneza juu yake, huegemea pembeni na kubeba mzigo, na mfuko ukasoma pungufu. Wakiona namba hazielekei, mtu anapanda. Na bomba.

*Maalim, mimi mkulima wa mpunga Cheju. Utabiri wa mvua ya kesho wenyewe hukosea. Hawa wanatabirije mto miezi mitatu mbele, nasi tuamini?* (Mkulima, Cheju)

Ndugu yangu, mvua ya kesho bado haipo. Maji ya mto wao yapo tayari, yamekaa mlimani, yanapimika leo. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo maana jambo gumu kwetu kwao ni jepesi kidogo.

Aliyeiweka sawa kazi hii hakuwa hata bwana maji. J. E. Church alikuwa mwalimu wa Kilatini kwenye Chuo Kikuu cha Nevada, mtu wa kupenda milima, na mwanzoni mwa karne ya 20 alipanda Mount Rose na bomba alilolibuni mwenyewe. Chini ya mlima kulikuwa na ugomvi juu ya ziwa Tahoe: wenye nyumba ufukweni hawataki lijae, wakulima na wenye mashine za umeme hawataki maji yao yamwagwe mapema. Church alitambua kwamba hana haja ya kupima theluji yote ya mlima, kazi ambayo haina mwisho. Alichagua njia moja yenye vituo vilivyotiwa alama, akaipima mwaka hadi mwaka. Mwaka ambao theluji ya njia ile imekuwa robo tatu ya kawaida yake, na mto utakuwa karibu na robo tatu ya kawaida yake. Ni uwiano tu. Lakini uwiano hauna thamani mpaka uwe na daftari la miaka mingi, na kila mwaka mahali pale pale, tarehe zile zile. Magharibi ya Marekani tarehe inayohesabiwa zaidi ni 1 Aprili, kwa kuwa kwa kawaida ndipo theluji inapokaribia kilele chake. Ndiyo tarehe ambayo gavana Jerry Brown wa California, mwaka 2015, alisimama mahali paitwapo Phillips ambapo hupimwa theluji kila mwaka, na chini ya viatu vyake palikuwa na majani makavu. Jimbo zima lilikuwa na asilimia 5 tu ya theluji yake ya kawaida. Siku hiyo hiyo akaamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa robo.

Umeuliza tuamini. Si kwa kufumba macho. Kiasi ni jambo moja, lini ni jambo jingine. Kuyeyusha kilo moja ya theluji iliyokwisha kufika nyuzi sifuri kunahitaji joto sawa na la kupandisha kilo ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80, na theluji ya baridi kali lazima kwanza ipande mpaka sifuri, ilowe yote ndani, ndipo tone la kwanza litoke chini. Wahesabuji hutumia kanuni nyepesi: kila nyuzi moja ya wastani wa siku iliyo juu ya sifuri huyeyusha milimita 2 hadi 6 kwa siku. Halafu upepo wa jangwa unaleta vumbi, kama linavyotua milima ya Colorado, weupe unachafuka, jua linashika zaidi, na theluji inawahi kwa wiki kadhaa. Au udongo wa chini ulikuwa mkavu mno tangu mwaka uliopita. California mwaka 2021 theluji ilipimwa sawasawa, ikayeyuka, na sehemu kubwa ikanywewa na ardhi na hewa kabla ya kufika mtoni. Utabiri ulizidi mto kwa mbali. Bomba halikukosea. Daftari lilikuwa la miaka ambayo udongo haukuwa na kiu namna ile.

*Shikamoo babu. Mwalimu wetu amesema barafu ya Kilimanjaro inakwisha. Je, ikiisha, umeme wa Pemba utakatika, maana unatoka Tanga na mto Pangani unatoka Kilimanjaro?* (Mwanafunzi, Chake Chake)

Marahaba mjukuu wangu. Hapana. Kweli barafu ya Kilimanjaro imepungua sana, zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake tangu 1912. Lakini iliyobaki ni kidogo kwa mlima mkubwa vile, na kule juu ni kukavu na baridi, nyingi yake hupanda hewani kuwa mvuke bila ya kuwa maji kwanza. Mito inalishwa na mvua na ukungu wa msitu ulio chini ya barafu. Ukitaka kuuonea uchungu mto Pangani, uonee uchungu msitu. Na waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba tangu 2010, ambao fedha zake nyingi zilitoka Norwe anakosoma dada yako wa Wete, umeunganishwa na gridi ya taifa nzima, si mto mmoja.

*Maalim, sisi kamati ya maji ya kijiji. Kisima chetu kikifika Januari maji huwa ya chumvi. Hatuna theluji ya kupima. Tufanye nini tujue mapema?* (Mjumbe, Makunduchi)

Mjumbe, ghala lenu liko chini ya miguu yenu, na linapimika kwa vitu vya dukani. Mvua ya masika na vuli inapenya kwenye mawe yenu ya matumbawe na kukaa juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji matamu ni mepesi. Wanaojua hesabu zake wanasema kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Furaha ya hesabu hiyo ina upande wa pili: mkishusha juu kwa nusu mita, chumvi kwa muda inataka kupanda mita 20. Ndiyo maana chumvi huja ghafla, na ndoo ya kwanza yenye ladha mbaya ni taarifa iliyochelewa.

Tafuteni futi ya chuma ndefu, ile ya mafundi ujenzi. Pakeni chaki kipande cha mwisho wake, mita moja hivi. Tieni alama ya rangi isiyofutika kwenye ukingo wa kisima. Teremsheni futi mpaka iingie majini, isimamisheni kwenye namba kamili hapo kwenye alama, muipandishe. Chaki iliyolowa itaonyesha mstari. Toeni namba ya mstari kutoka ile ya ukingoni, mmepata umbali wa maji. Pimeni alfajiri kabla ya mtu kuteka au pampu kuwashwa. Nanyi mko karibu na pwani, kisima kinapanda na kushuka na bahari, kwa hiyo msipime mwezi huu wakati wa bamvua na mwezi ujao maji mafu. Chagueni hali moja ya maji mshikamane nayo, na muandike na saa. Mkiweza, pelekeni chupa ya maji hayo kupimwa chumvi kila baada ya muda.

Mwaka wa kwanza namba hazitawaambia kitu. Wa tatu au wa nne mtaanza kuona kwamba vuli ikishaacha maji chini ya alama fulani, Januari hiyo chumvi huja, na hapo mnaweza kupunguza pampu tangu Novemba. Mpeni kazi kijana mmoja asiyechoka na daftari lenye jalada gumu. Na siku fundi atakapokuja kuinua ukingo wa kisima kwa matofali, kama wanavyopenda, kijana apime kwanza ukingo umepanda sentimita ngapi na aiandike siku hiyo hiyo, alama ya zamani isije ikafukiwa na saruji.